Mngurumo Katika Spika za Kanisa

Nawaandikia kutoka huku kwetu, njiani baina ya Nachingwea na Ruangwa, ambako ufuta umekwisha kukung'utwa na watu wangojea mnada. Niliahidi kuwaandikia juma hili juu ya utunzaji wa daftari za ubatizo. Naomba mnisamehe, daftari zitangoja. Barua tatu zimenifikia kutoka vigangoni, zote zauliza neno moja: kwa nini vipaza sauti vyetu vyanguruma, na je, ni lazima tununue vipya? Neno hili latuhusu kwa fedha, na kama mtakavyoona, latuhusu hata kwa uhai.

Kwanza nisimulie yaliyotupata sisi.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, siku ya Kipaimara, kanisa letu lilijaa tangu saa mbili asubuhi, hata wengine wakakaa nje chini ya mikorosho. Huko nje tulikuwa tumetundika spika mbili za pembe. Baba Askofu akaanza mahubiri. Walio mbele walimsikia kwa masikio yao wenyewe. Walio nyuma na walio nje wakasikia "nguuuuu", mlio kama wa mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya bonde, na katikati ya mlio huo vijineno vikitokeza na kuzama. Kijana wetu wa mitambo akaongeza sauti. Mngurumo nao ukaongezeka. Akapunguza, mngurumo ukapungua, na Baba Askofu akapotea pamoja nao. Baada ya Misa bibi mmoja wa kigango cha mbali, aliyetembea tangu alfajiri kuja kumwona mjukuu wake akipakwa krisma, akanishika mkono: "Karani mwanangu, Baba Askofu kasema nini?" Sikuwa na la kumjibu. Nami nilikuwa nyuma.

Jumatano yake halmashauri ya walei ikakutana. Karibu wote tulikubaliana kwamba amplifaya imechakaa. Tukaambiwa mpya yapatikana mjini kwa shilingi milioni moja na laki mbili. Sasa, mimi ndimi nishikaye daftari la fedha, nami nilijua kwamba fedha tulizokuwa nazo zilikuwa za mabati ya kigango kimoja ambacho watu wake walikuwa wakisali chini ya makuti mwaka wa nne ule. Walizitoa wenyewe katika ufuta wao, kilo kwa kilo. Tukabishana mpaka taa ikawashwa. Mwishowe tukaamua kungoja mwezi mmoja.

Katika mwezi huo jambo likatokea. Jumapili ya pili tulishangaa kusikia mngurumo umepungua sana. Kijana wa mitambo akapongezwa, nami nikampa mkono. Hakusema alichofanya, na sisi hatukuuliza. Jumapili ya tatu mvua ilinyesha. Binti mmoja wa kwaya, miguu mitupu na imelowa, amesimama juu ya sakafu ya saruji, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni aanze wimbo wa katikati. Mara akaruka nyuma akilia. Alisema ameumwa mdomoni kama na siafu. Ashukuriwe Mungu, haikuwa zaidi ya hapo. Tulipoifungua plagi ya amplifaya tukaona: waya wa rangi ya kijani na manjano ulikuwa umekatwa kwa wembe.

Hapa naomba msome polepole, na mwenye watoto katika kwaya awasomee. Plagi zetu zina miguu mitatu. Miwili huleta umeme na kuurudisha. Wa tatu, ule mrefu, ni wa ardhi: huunganisha bati la mashine na udongo, ili umeme ukipotea njia ndani ya mashine na kuligusa bati, ukimbilie ardhini kwa nguvu hata fyuzi ikatike, usingoje mwili wa mtu. Ukiukata waya huo, mara nyingi mngurumo hupungua kweli, na ndiyo sababu vijana wa mitambo wafanya mchezo huu katika kila pembe ya dunia. Lakini tangu saa ile bati la mashine, na wavu ulio ndani ya waya wa maikrofoni, na chuma cha maikrofoni yenyewe kilicho mkononi mwa padre au mwimbaji, vyote vyangoja hitilafu moja tu ili viwe na volti 230.

Wala sisemi haya ili kutishana. Tarehe 3 Mei 1972 mpiga gita Leslie Harvey, wa kikundi cha Stone the Crows, alikufa jukwaani katika mji wa Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa na ardhi sawasawa. Na tarehe 30 Oktoba 2005 mchungaji Kyle Lake, wa kanisa moja la Kibaptisti mjini Waco, Texas, alikuwa amesimama majini katika kisima cha ubatizo. Alipoishika maikrofoni umeme ukampiga, akafa mbele ya waumini wake. Alikuwa na umri wa miaka 33. Kijana wetu nilipomsomea habari hizo alinyamaza muda mrefu. Simlaumu, alitaka watu wasikie. Tena sisi wakubwa tulimpa mkono.

Basi tukamwita fundi wa redio kutoka Ruangwa, kijana mtaratibu asiye na maneno mengi. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote alirudisha waya wa ardhi mahali pake. Mngurumo ukarudi wote. Akatabasamu. Kisha akachomoa waya wa maikrofoni kwenye miksa, akafungua sauti ya amplifaya mpaka mwisho. Kimya, ila mvumo mdogo kama wa upepo. "Karani," akasema, "amplifaya yenu ni nzima." Nikaona kama mabati yale yanarudi ghalani. Akatoa katika mfuko wake waya mfupi wa mita 3, akaiunganisha maikrofoni ile ile yetu: sauti safi. Akarudisha waya wetu mrefu: nguuuuu.

Waya wetu ulikuwa wa mita 30, kutoka altareni mpaka nyuma ilipo miksa. Tuliununua dukani, muuzaji akituambia waya ni waya. Nami mwenyewe, kwa kupenda nadhifu, nilikuwa nimeufunga sambamba na waya wa taa na mapangaboi, fundo kila hatua moja, ukapendeza kama ukanda. Fundi aliuangalia ufundi wangu akatikisa kichwa.

Sasa tuone mambo yenyewe. Ndani ya maikrofoni ya kawaida mna utando mwembamba kama ngozi ya ngoma, umeshikamana na koili ndogo ya waya iliyomo baina ya sumaku. Sauti yautikisa utando, koili yacheza katika sumaku, na umeme mdogo mno wazaliwa. Padre akihubiri karibu na maikrofoni, umeme huo ni kama sehemu moja au mbili katika elfu za volti moja. Waya wa taa uliolala ubavuni mwake una volti 230. Yaani jirani yule ni mkubwa zaidi ya mara laki moja. Naye hatulii: umeme wa taa huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na kila uendapo na kurudi huacha chembe yake katika waya ulio karibu, ijapokuwa nyaya hazigusani, maana nguvu ya umeme na ya sumaku hupenya hewa. Chembe hiyo ni ndogo, lakini sauti ya padre nayo ni ndogo. Na miksa haijui ipi ni ipi, huzikuza zote mara elfu. Mwalimu wa kwaya akitaka kuuhakikisha mngurumo huo, apige katika kinanda noti za G za chini. Atauona umekaa hapo hapo, juu kidogo. Hiyo ndiyo mitetemo 50, na 100 ambayo ni nduguye.

Waya wetu ulikuwa na uzi mmoja tu wa shaba katikati, na kuuzunguka uzi huo wavu wa nyuzi nyembamba. Kwenye maikrofoni ulikuwa na plagi ya pini tatu, lakini kwenye miksa ulikuwa na jeki, ile plagi ya gita. Katika waya wa namna hii sauti huenda kwa uzi wa katikati na kurudi kwa wavu. Wavu wapewa kazi mbili: kuwa ukuta, na kuwa njia. Uchafu wowote unaopita katika wavu, kama vile umeme mdogo uzungukao baina ya mashine mbili zilizochomekwa katika soketi mbalimbali, wachanganyika na sauti njiani. Kwa mita 2 au 3 hutajali. Kwa mita 30, umejionea.

Waya ulio sahihi una nyuzi mbili ndani ya wavu, zimesokotwa pamoja kama kamba. Sauti huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa wa pili, na wavu waachiwa kazi moja tu ya ukuta. Nyuzi zimesokotwa ili kila moja ipate zamu yake ya kuwa karibu na adui. Hivyo chembe za mngurumo ziingiazo katika hii ni sawa na ziingiazo katika ile. Na huko mwisho, mlango wa miksa umetengenezwa usisikize uzi mmoja peke yake, bali tofauti baina ya nyuzi mbili.

Niliwahi kufundisha darasa la tano kabla sijawa karani, basi niruhusuni nirudi darasani kidogo. Mmeiona mizani ya dukani ya sahani mbili. Weka sukari upande mmoja, mshale wainama. Sasa mtoto mtundu aje atupe mawe mawili yenye uzito mmoja, moja kila sahani. Mshale haukujali. Atupe mengine mawili, na mengine mawili. Sukari yako ingali ikipimwa ile ile. Sukari ndiyo sauti ya padre, mawe ndiyo mngurumo, na mshale ndio miksa.

Lakini angalia: mawe hayo mawili hayana neno kwa sababu mikono ya mizani ina urefu mmoja. Mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenziwe, mawe yaliyo sawa yatauinamisha mshale, na mwenye duka atakuibia, au atajiibia. Hapa ndipo wengi wakoseapo, na hata mafundi walio na vyeti. Wao husema nyuzi zasawazishwa kwa kuwa sauti imepelekwa katika zote mbili, hii ikipanda ile ikishuka kwa kiasi kile kile. Sivyo. Ukiweka sukari yote katika sahani moja, mizani si yapima vilevile? Kinachotakiwa ni kwamba nyuzi zote mbili ziwe sawa mbele ya ardhi: kama umeme ukitaka kutoka katika uzi huu kwenda ardhini hukuta ukinzani wa kiasi fulani, basi katika uzi ule nao ukute kiasi hicho hicho, tangu maikrofoni, na waya, mpaka ndani ya miksa. Mwaka 1995 mhandisi Bill Whitlock, wa kampuni ya Jensen Transformers huko California, aliandika makala juu ya jambo hili katika jarida la Audio Engineering Society, chama cha wahandisi wa mambo ya sauti. Alionyesha kwamba usawa wa ukinzani ndio ufukuzao mngurumo, na kwamba usawa wa sauti yenyewe katika nyuzi mbili hauna sehemu katika kazi hiyo. Alionyesha pia kwamba katika milango mingi ya mashine tofauti ya omu chache tu baina ya uzi na uzi yatosha kuudhoofisha ulinzi. Ndiyo maana mashine mbili zilizoandikwa maneno yale yale kwenye karatasi ya dukani, moja hunyamaza na moja hunguruma.

Hekima hii si ya jana. Walioianza ni watu wa simu za nyaya. Alexander Graham Bell alipata hati ya simu yake mwaka 1876, na simu za kwanza zilitumia waya mmoja, kama zilivyokuwa zikifanya telegrafu, ardhi ikiwa ndiyo njia ya kurudia. Telegrafu yapiga tik-tik, haidhuriki kwa makelele kidogo. Simu ilidhurika mno. Watu walisikia maneno ya jirani, na milio ya telegrafu, na magari ya umeme yalipoanza kupita barabarani mijini katika miaka ya 1880, mngurumo ukawa hauvumiliki. Mwaka 1881 Bell huyo huyo alipata hati ya njia ya waya mbili zilizosokotwa. Wazee wanaokumbuka njia za simu za zamani, kabla Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki halijavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, watakumbuka nyaya za shaba juu ya vikombe vya kaure. Nyaya zile zilikwenda mbili mbili, na katika njia za namna hiyo, baada ya nguzo kadhaa, nyaya mbili hubadilishana upande. Mtu angedhani fundi alikosea. Kumbe ndiyo kusokota kwenyewe, ila kwa hatua ndefu.

Nyumba za redio zikaichukua njia hiyo kutoka kwa watu wa simu. Studio za redio za dunia nzima, zikiwamo za Dar es Salaam ambako matangazo yalianza mwaka 1951, zilijengwa kwa nyaya za mbili mbili. Na sisi wa Nachingwea twaweza kutia neno: wapiganaji wa Frelimo walipokuwa wakifunzwa hapa kwetu, sauti ya chama chao ilivuka Ruvuma kutoka maikrofoni za Radio Tanzania. Nafikiri hawakuhubiriwa mngurumo.

Plagi ya pini tatu ambayo mafundi huiita XLR ilitoka kwa kampuni ya Cannon ya Los Angeles. Pini ya kwanza ni ya wavu, ya pili na ya tatu ni za nyuzi mbili za sauti. Mtu akiunda waya nyumbani, na ashike utaratibu huo pande zote mbili. Ukienda kununua, usiulize bei kwanza. Omba ufunguliwe kichwa cha plagi uone. Nyuzi mbili na wavu: lete fedha. Uzi mmoja na wavu: mwachie mwenyewe. Na ukikuta jeki, hesabu mikanda myeusi katika mche wake. Mkanda mmoja, ni waya wa gita. Mikanda miwili, huenda ni wa nyuzi mbili, lakini huenda ni wa vichwa vya kusikizia muziki, basi uliza.

Fundi akatutengenezea waya mpya wa mita 30 wenye XLR pande zote mbili, akaupitisha ukuta wa pili mbali na waya wa taa, na pale palipokuwa hapana budi kukutana, akaukatisha kama msalaba badala ya kuulaza sambamba. Wote pamoja na kazi yake, shilingi 95,000. Tulipoiwasha maikrofoni, Padre Paroko alidhani haijawashwa, kwa jinsi palivyokuwa kimya. Akakohoa, na kuku waliokuwa nje wakatawanyika.

Ningependa kusema hadithi yaishia hapo, lakini mwezi wa Juni mngurumo ulirudi. Sauti ya padre ilikuwa ile ile, haikupungua hata kidogo, ila "nguuu" imekaa chini yake. Safari hii sikuita halmashauri. Nilifungua plagi mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani ya mke wangu, nikaona unywele mmoja wa wavu umejipinda ukagusa pini ya tatu. Unywele mmoja! Uzi mmoja wa sauti ulikuwa umefungwa ardhini, na mwenziwe u huru. Mkono mmoja wa mizani umevunjika. Sauti ilipita kama kawaida, kwa kuwa sukari yaweza kukaa sahani moja. Lakini mawe hayakuwa sawa tena. Nikaukata kwa mkasi wa kucha. Kimya. Nilifurahi siku tatu.

Kinanda cha umeme kilikuwa na shauri lake. Chenyewe hutoa sauti kwa jeki ya uzi mmoja, wala huwezi kukibadilisha. Kilipochomekwa soketi ya mbele na miksa ikiwa soketi ya nyuma, kilinguruma peke yake. Na kwa mashaka haya hasa ndipo vijana hukimbilia kukata waya wa ardhi. Dawa yake ni kisanduku kidogo cha transfoma ambacho mafundi hukiita DI. Ndani mna koili mbili zisizogusana. Sauti huvuka kutoka moja hadi nyingine kwa nguvu ya sumaku tu. Kinanda chaingia upande mmoja kwa jeki fupi, upande wa pili yatoka XLR ya nyuzi mbili. Kwa kuwa hakuna njia ya umeme baina ya pande mbili, mzunguko ule wa ardhi wakatika, na hakuna aliyegusa plagi ya ukutani. Kisanduku hiki chafaa kwa gita vilevile. Tuliazima kimoja kwa parokia jirani mpaka Desemba, na nakiri tulikirudisha tumechelewa.

Mmoja wenu ameniuliza katika barua yake juu ya swichi iliyoandikwa 48V katika miksa yao, kama itaua maikrofoni. Maikrofoni ya kawaida ya koili, yenye waya wa nyuzi mbili ulio mzima, haitadhurika, na sababu ni ile ile ya mizani. Maikrofoni za studio zina mashine ndogo ndani, nazo zahitaji umeme wa kuiendesha. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilitengeneza namna ya kuupeleka umeme huo kwa nyuzi zile zile za sauti, kwa ajili ya redio ya Norway. Volti 48 hupelekwa katika uzi wa kwanza na volti 48 katika uzi wa pili, kila mmoja kupitia ukinzani wa omu 6,800. Mawe mawili yaliyo sawa, tena makubwa, na mshale hauoni kitu. Koili ya maikrofoni ya kawaida, iliyofungwa baina ya nyuzi hizo mbili, haijui hata kama umeme huo umo.

Jambo moja ambalo waya huu haukutuponya kabisa ni simu za mkononi. Mnajua ule mlio wa "ti-titi ti-titi" utokeao katika spika simu inapokaribia kuita. Mawimbi ya simu hayaji mara 50 kwa sekunde. Hayo ni ya kasi kubwa mno, na simu za GSM huyatuma kwa vipande vipande, mara 217 kila sekunde. Yakiingia ndani ya mashine isiyo na kinga nzuri hugeuka kuwa sauti papo hapo, na usawa wa nyuzi haujapata nafasi ya kufanya kazi. Mhandisi mwingine, Neil Muncy, aliandika mwaka huo huo wa 1995 katika jarida lile lile kwamba mashine nyingi zina kosa la kuzaliwa: waya wa pini ya kwanza, badala ya kufungwa kwenye bati la nje, umepelekwa ndani katika ubao wenye vijisehemu vya umeme, na hivyo uchafu wa wavu wakaribishwa sebuleni. Kosa hilo huwezi kuliona kwa nje. Sisi tumeweka kikapu mlangoni pa sakristia. Padre na wasomaji waacha simu humo. Katekista wetu yasemekana anayo ya pili.

Krismasi iliyopita watu walikuwa wengi kuliko siku ya Kipaimara, na spika zilikuwa zile zile chini ya mikorosho, na amplifaya ile ile. Kigango kile kimekwisha kuezekwa, bado ukuta mmoja wa nyuma. Baada ya Misa nilimwona bibi yule ameketi juu ya kanga yake, mbali kabisa, karibu na njia. Nikamwendea, nikamwamkia shikamoo, nikamwuliza kama amesikia.

"Marahaba," akasema. "Nimesikia. Padre wetu ana mafua, mpelekeeni asali."